Laptopu imekwama katikati ya kuingia Windows 11, usikubali kupigiwa window kabla hujatoa faili zako

Swali:

"Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Wete. Nna laptopu HP EliteBook 840 G1, i5, ramu GB 4, hadi diski GB 500, niliinunua used Darajani, ilitoka Dubai. Niliposikia Windows 10 imefika mwisho mwalimu mwenzangu akanipa flashi ya Windows 11 alosema ishatolewa vizuizi. Mara ya kwanza ilifika asilimia 30 na kitu ikarudi nyuma yenyewe ikaandika 0xC1900101 - 0x20017. Usiku nikajaribu tena, modemu na printa zimechomekwa kama kawaida, ikawa inaandika inatengua mabadiliko, umeme ukakatika, betri haikukaa hata dakika kumi. Sasa nikiwasha inasema inatayarisha matengenezo, inakuja skrini ya buluu, inajizima, inaanza tena. Fundi mmoja wa Chake nimemtumia picha kasema bodi imekufa, mwengine kasema hamna shida atapiga window nusu saa tu. Ndani mna maksi za wanafunzi wangu za mihula mitatu, na picha za marehemu mama yangu ambazo hazipo pengine popote. Nimeiharibu? Nifanye nini?"

Waaleikum salaam mwalimu wangu, na Mungu amrehemu mama.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa ulivyoeleza, maksi na picha kwa uwezekano mkubwa bado zimo. Kilichovurugika ni Windows, ule mfumo wa kuwashia na kuendeshea kompyuta, na faili zako ni kitu chengine ingawa zinakaa kwenye diski hiyo hiyo. Hatari yako kubwa sasa hivi ni yule fundi wa nusu saa. Simsemi kwa ubaya, kazi yake anaijua, lakini kupiga window maana yake ni kufuta orodha ya vilivyomo kwenye diski kisha kuandika Windows mpya juu yake, gigabaiti chungu nzima, na pale mpya ilipoandikwa kama palikuwa na picha ya mama basi picha hiyo hairudi tena hata umpelekee nani. Atakurejeshea laptopu inawaka vizuri na ndani tupu. Kwa hiyo mwambie asubiri.

Na huyu wa bodi, bodi ilokufa haikupi maandishi. Huwa unabonyeza kitufe na skrini inabaki nyeusi, au taa zinawaka na kuzima bila kitu chochote kuonekana. Yako inafika mpaka inasoma diski na inajaribu kujitengeneza, bas hapo bodi, skrini na prosesa zinafanya kazi, na ramu kwa uwezekano mkubwa nayo pia. Sijui yeye kaona nini kwenye picha lakini kwa dalili ulizozitaja mimi sioni bodi hapo.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa hutaogopa na wala hutorudia.

Kubadilisha Windows juu ya Windows ni kama kuezua makuti na kupiga mabati huku watu wamo ndani ya nyumba. Mafundi hawaanzi kwa kubomoa. Kwanza wanaleta mabati wanayaweka uwanjani, wanapima, na wewe unaendelea na shughuli zako, hiyo ndo hatua ya mwanzo pale unapoona asilimia zinapanda na kompyuta bado unaitumia. Hatua ya pili kompyuta inajizima na kuwaka kwa mfumo mdogo wa muda, Windows yako ya zamani imelala, na hapo ndo makuti yanashushwa na kuwekwa chini ya muembe, kwenye folda inaitwa Windows.old, hayatupwi. Hatua ya tatu mfumo mpya unawaka mara ya kwanza na kuvitambua vifaa vyako, ya nne unawaka tena na kukuingiza ndani na mambo yako. Likitokea jambo katikati mafundi wanarudisha makuti yale yale juu. Ndo maana mara ya kwanza ilirudi nyuma yenyewe na ukaendelea kutumia Windows 10, haikuharibika siku ile, ilijilinda.

Hizo namba zinasomeka. Ile 0xC1900101 maana yake zoezi limerudishwa nyuma, na mara nyingi sababu ni draiva, yaani ile programu ndogo inayozungumza na kifaa kama kadi ya picha, WiFi, printa, modemu. Ile ya pili, 0x20017, tizama tarakimu ya mwanzo baada ya x, ni 2. Imekufa kwenye hatua ya pili, pale mfumo wa muda unapojaribu kuwaka. Ingekuwa 3 ningesema imefika mbali zaidi, 4 zaidi tena. Na inakwenda sawa na ile asilimia 30 na kitu uloiona, kwa kawaida ndo hapo hatua ya pili ilipo. Asilimia hizo si muda lakini, watu wengi wanaona imekaa 32 kwa nusu saa wanadhani imekwama wanabonyeza kitufe kuizima, na kwenye hadi diski ya zamani nusu saa mahali pamoja ni kawaida tu.

Mara ya pili ndo palipoharibika. Umeme ulikatika wakati makuti yanarudishwa, nusu ya paa lishafungwa nusu bado liko chini ya muembe, mafundi wakaondoka. Kompyuta ikiwaka inatafuta Windows haioni iliyokamilika, inajaribu kujitengeneza, inashindwa, inaanza upya. Sisi tulokaa gizani Unguja miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 tumejifunza kutouamini umeme hata ukiwaka mwezi mzima, na mimi mpaka leo sianzi kazi kama hii kwenye laptopu yoyote kabla sijajua betri yake inakaa saa ngapi. Betri ya dakika kumi usianze kabisa, hata mchana, hata siku nzuri.

Kwa nini ilikataa mara ya kwanza? Nna washukiwa watatu. Modemu na printa zilizochomekwa, hizo hutolewa zote kabla ya kuanza, unabakisha chaja na hiyo flashi tu. Wa pili ni umri, 840 G1 ni ya mwaka 2013, prosesa yake ni ya kizazi cha 4, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, yako ina 1.2. Ile flashi ya "kutolewa vizuizi" inamnyamazisha mlinzi wa mlangoni tu, haikupi draiva ambazo hazikutengenezwa kwa mashine yako. Na watu wanaambiwa hamna tofauti, tofauti ipo, Microsoft wenyewe wanasema kompyuta isiyotimiza masharti haina hakika ya kuendelea kupata masahihisho ya usalama. Ukiingia kwa dirisha unaweza ukakaa vizuri mwaka, halafu toleo kubwa likija likagoma.

Mshukiwa wa tatu ndo anayenitia wasiwasi zaidi, nayo ni hadi diski yenyewe. Ni ile ya sahani inayozunguka, imekaa zaidi ya miaka kumi, imevuka bahari kutoka Dubai, halafu imekuja kuishi kwenye hewa yetu hii ya chumvi na unyevu. Mwezi uliopita nililetewa laptopu kutoka nyumba ya karibu na pwani, nikachomoa ramu, vile vimeno vyake vya rangi ya dhahabu vimefanya ukungu wa kijani mwembamba kama wa sarafu ya zamani, nikavisugua kwa raba ya penseli polepole, nikarudisha, ikawaka. Hiyo ndo hewa tunayokaa nayo. Diski ikianza kuchoka husoma pole pole, hujaribu mahali pamoja mara kumi, na zoezi zito kama hili la kuandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo ndo linaloidhihirisha.

Ndo maana mpangilio ni huu na usiubadilishe, kwanza toa faili, halafu ndo utengeneze. Mafundi wengi na video nyingi watakwambia uingie kwenye ile skrini ya buluu uandike chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Chkdsk ni dawa nzuri kwa diski nzima lakini kwa diski mgonjwa inaisumbua kuanzia mwanzo mpaka mwisho na inaweza kuwa ndo siku yake ya mwisho, isitoshe inarekebisha kwa kukata, ikikuta kipande haikielewi inakiondoa.

Kuzitoa ni hivi. Tafuta kompyuta nyengine nzima, ya skuli inatosha, na flashi mbili, moja ya GB 8 kwenda juu isiyo na kitu unachokitaka maana itafutwa yote, nyengine kubwa ya kupokelea faili. Pakua Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, inakaribia GB 3 kwa hiyo usiipakue kwa bando la simu ukakatikiwa njiani, tafuta WiFi. Iandike kwenye flashi ya kwanza kwa programu inaitwa Rufus. Chomeka kwenye HP yako, washa huku unagonga kitufe cha Esc, itakuja menyu, bonyeza F9, chagua flashi. Baada ya dakika chache utaona mezani pa Linux Mint, yaani skrini yake ya mwanzo, inafanya kazi kutoka kwenye flashi, haijagusa kitu chako. Pale mezani pana alama ya kuisakinisha kwenye diski, USIIGUSE, hilo bado.

Fungua sehemu ya mafaili, utaiona diski yako pembeni, ibonyeze. Ikikwambia unaweza kusoma tu huwezi kuandika usishughulike, wewe unataka kusoma tu. Ingia folda ya Users, halafu jina lako, halafu Desktop, Documents, Pictures. Na sikiliza hapa, ukikuta folda zako tupu usipige ukelele. Umeme ulikatika katikati ya kuhama, faili zinaweza kuwa zimebaki chini ya muembe, kwa hiyo tizama na Windows.old, ndani yake tena Users. Nimeshaona mtu akalia mbele yangu kwa folda tupu na vitu vyake vyote vilikuwa hatua mbili pembeni.

Anza na picha za mama. Zinakiliwe mwanzo kabisa, kidogo kidogo, si folda nzima ya GB 80 kwa mara moja, maana diski ikiamua kufa katikati uwe ushachukua kile kisichorudi. Halafu maksi. Halafu vyengine. Muziki na filamu wacha mpaka mwisho. Ukimaliza chukua ile flashi uifungue kwenye kompyuta nyengine na uzifungue picha kweli, moja moja chache, usiamini jina la faili tu. Na hizo za mama usiziwache mahali pamoja tena, weka na Google Drive, GB 15 wanakupa bure.

Ukiwa bado ndani ya Linux Mint fungua programu ya Disks, chagua hadi diski yako, kuna sehemu inaitwa SMART, hiyo ni ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Tafuta mstari wa sekta zilizohamishwa, Reallocated. Kama ni 0 furahi. Kama kuna namba na inaongezeka, diski hiyo usiiwekee Windows yoyote tena.

Kuna hali nne ambazo hapo hapo uwache kila kitu na uende kwa mtu ana kwa ana. Ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, kama saa ya ukutani, izime papo hapo na usiiwashe tena kujaribu. Ukiingia baiosi, ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe, kwa F10 na diski haitajwi kabisa. Ikikudai ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, wa tarakimu 48 na hukumbuki kuuweka, hapo kwanza angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft kama unayo, ufunguo mara nyingi uko humo. Na kama laptopu ilipata maji au inanuka kuungua. Nje ya hayo wewe mwenyewe unaweza.

Kama kushughulika na Linux kunakushinda, sawa kabisa, mwambie fundi achomoe hadi diski aitie kwenye kava la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyengine. Kwenye 840 G1 kifuniko cha chini kinatoka bila ya bisibisi, betri inatoka, na hadi diski iko pale pale. Na hapa nikwambie kama ndugu, kaa naye. Najua wengi wenu kwenye laptopu mna picha za harusini na za shughuli za kike ambazo hazikupigwa zitizamwe na wanaume wasokuhusu, na laptopu ikilala dukani wiki nzima huna habari nani kafungua nini. Kumwambia fundi nakaa hapa mpaka umalize kunakili si utovu wa adabu, fundi mstaarabu atakuwekea kiti.

Faili zikishatoka salama, ndo tuzungumze laptopu ikae vipi.

Ukitaka kujaribu kuiokoa Windows 10 ilomo, kwenye skrini ya buluu kuna chaguo la kurudi toleo lililopita na la kutengeneza uwashaji, jaribu mara moja moja. Zikigoma usipoteze siku tatu, maana mimi kwa yako nisingeirudisha kwenye diski ile hata kidogo. Ningenunua SSD, ile diski isiyo na sahani inayozunguka, ya inchi 2.5, GB 240 au 256 inakutosha, na ramu ya GB 4 nyengine kuongezea ufike 8. Fundi umwambie ramu ni DDR3L, ile herufi L muhimu, ni ya umeme mdogo, DDR3 ya kawaida mashine hii haiitaki. Mtu ambaye hajawahi kuona laptopu ya zamani ikitoka kwenye hadi diski kwenda SSD hawezi kuamini ni ile ile, ilokuwa unawasha unakwenda kuteleka chai ukirudi bado, inawaka kabla hujakaa kitako vizuri. Na kuna faida nyengine, ile diski ya zamani haifutwi, unakwenda nayo nyumbani na kila kilichomo mpaka utakapohakikisha hujasahau kitu.

Juu ya SSD hiyo uweke nini? Watu wameshika kuwa Windows 10 "imefungwa" tarehe 14 Oktoba 2025. Haikufungwa, inawaka na inafanya kazi, kilichokoma ni masahihisho ya bure ya usalama, na hata hayo Microsoft wametoa muda wa nyongeza kwa watu wa majumbani mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye sehemu ya masahihisho ndani ya Windows 10 toleo la 22H2, ukiwa umeingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni hulipi, au unalipa dola 30. Hiyo inakupa nafasi ya kupumua, haikupi ufumbuzi wa kudumu, na Windows iwe halali, si ya kuvunjwa, maana hizo za kuvunjwa ndo zinazokuja na virusi vyake tayari.

Kwa mwalimu anayeandika mitihani, anaweka maksi kwenye jeduali, anachapisha na kutizama mtandao, Linux Mint hiyo hiyo ulookolea faili inatosha na ni bure, toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029, virusi vya flashi za skuli havina kazi humo, na LibreOffice inafungua faili za Word na Excel. Lakini nisikupake mafuta. Kama skuli au wizara inakutaka utumie programu maalum ya Windows haitoingia, majeduali yenye fomula za kawaida yatakwenda ila yenye makro, zile amri za kujiendesha zilizoandikwa ndani ya jeduali, yatasumbua, na printa yako ijaribu kwanza ukiwa bado kwenye flashi kabla hujaamua. Wiki ya mwanzo utanuna.

Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine hii mimi siishauri. Ukiitaka kweli kweli, zile pesa za SSD na ramu ziweke pembeni mpaka upate laptopu nyengine, na ukifika dukani usitizame stika wala jina la modeli, mwambie aiwashe, ingia kwenye taarifa za mfumo, soma namba ya prosesa. i5-4300U ni kizazi cha 4. i5-8250U ni cha 8. Hiyo namba baada ya kistari ndo ikupe jibu, ikianza na 10, 11 au 12 hicho ni kizazi kipya zaidi, lakini kizazi kikiwa chini ya cha 8 mshukuru na uondoke.

Kwa leo usiiwashe tena mwalimu, kila inapozunguka vile inaichosha diski bure. Ifunge, toa betri, iweke pakavu mbali na dirisha, na mwambie fundi wa nusu saa utampigia. Ukishapata zile flashi mbili anza na picha, halafu niandikie SMART imeonyesha namba gani, kabla hujaenda kununua SSD.